Jogoo wa Dau na Mechi ya Kiporo

Kesho Jumatano, tarehe 25 Juni 2025, saa 11 jioni, Simba na Yanga wanakutana Uwanja wa Benjamin Mkapa, na bingwa wa Tanzania Bara atapatikana hapo hapo. Yanga wana pointi 79, sisi Simba tuna 78, na hakuna mechi nyingine baada ya hiyo. Wao sare inawatosha. Sisi ni ushindi tu. Hapa Magu mjini hesabu hiyo anaijua hata mama anayeuza dagaa sokoni, na nyumbani kwangu wiki nzima hii haijaandaliwa chai bila hesabu hiyo kurudiwa.

Mimi ni Simba wa kurithi, kwa baba yangu wa Nyanguge. Mume wangu, Baba Kulwa, ni Yanga, na wazazi wake tunaoishi nao ni Yanga wote wawili. Mungu alipotupa mapacha, Kulwa akamfuata baba yake na Doto akaja kwangu. Tuko wawili kwa wanne. Kaka yangu akija siku ya mechi tunakuwa watatu, na hapo angalau kelele zinakaribiana.

Usukumani nyumba kugawanyika hivi haikuanza na mpira. Kabla hata Yanga haijaanzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka uliofuata, huku watu walikuwa Wagika au Wagalu, vyama viwili vya ngoma vilivyotokana na waganga wawili waliokuwa wakishindana, Ngika na Gumha. Ngoma mbili hupigwa saa ile ile, uwanja ule ule, na watazamaji wako huru kwenda wanakovutwa. Aliyejaza watu upande wake ndiye mshindi. Hadi leo, kila Juni inapofika, sikukuu ya Bulabo hufanyika pale Bujora, Kisesa, ndani ya wilaya yetu hii. Baba mkwe wangu alicheza kwa Wagalu tangu ujanani. Mama mkwe alizaliwa kwa Wagika. Wameoana hivyo hivyo, wamezeeka hivyo hivyo, na msimu wa ngoma ukifika bado wanarushiana maneno. Kwa hiyo Baba Kulwa alipoleta mchumba wa Simba, wao hawakuona jambo geni. Mama mkwe aliniuliza tu kama najua kupika michembe.

Mechi hii ilikuwa ichezwe tarehe 8 Machi. Ilikuwa Jumamosi, na ilikuwa Siku ya Wanawake. Nilirudi kutoka kwenye maadhimisho na kitenge changu kipya nikakuta ua umejaa watu. Kaka yangu alikuwa ameleta sato wa Ghuba ya Speke, wale wakubwa ambao kichwa peke yake kinatosha mtu mmoja. Mashemeji walikuwa wameleta soda. Mama alikuwa na sufuria la michembe ya karanga jikoni. Na chini ya mwembe alifungwa jogoo mwekundu, mrefu, mwenye makucha kama ndoano. Huyo ndiye dau. Pande zote mbili zilichanga nusu kwa nusu kumnunua, kwa masharti kwamba upande utakaofungwa utamnyonyoa, utampika na utawatengea washindi mezani.

Nilikuwa napara magamba Doto alipokuja mbio. “Mama, mechi imeahirishwa!” Kulwa naye akaja nyuma yake. “Haijaahirishwa! Yanga wamesema wanakwenda uwanjani!”

Wote wawili walikuwa wanasema kweli. Simba walikuwa wametangaza kwamba hawatacheza kwa sababu walizuiwa kuingia uwanjani kufanya mazoezi usiku wa kuamkia mechi, na haki hiyo ya mgeni imo kwenye kanuni za ligi. Bodi ya Ligi ikaiahirisha mechi. Yanga wakashika msimamo wao na wakapeleka timu uwanjani. Basi Baba Kulwa na ndugu zake, wamevaa kijani na njano, wakakaa mbele ya televisheni hadi usiku wakisubiri mpira ambao hakuna wa kucheza nao. Sisi wekundu tukakaa nje na sato wetu. Kati ya makundi hayo mawili palikuwa na mlango uliokuwa wazi, na hakuna aliyeupita.

Kisha ikaja kesi ya jogoo. “Timu isiyofika uwanjani imefungwa,” akasema Baba Kulwa. “Jogoo ni wetu. Mama Kulwa, chemsha maji.” Nikamjibu kwamba timu iliyozuiwa mlangoni haikukimbia, na kwamba jogoo wa mezani siyo jogoo wa uwanjani. Shemeji akataka kumfungua amchukue. Kaka yangu akasimama chini ya mwembe. Hapo baba mkwe, ambaye muda wote alikuwa kwenye kiti chake cha kamba na redio masikioni, akakohoa. “Hachinjwi. Jogoo atakaa mpaka mpira upigwe.”

Akakaa. Yanga wakapeleka madai yao hadi CAS, mahakama ya michezo ya kimataifa, na wakarudi bila pointi. Tarehe ikawekwa 15 Juni, ikasogezwa tena hadi 25. Muda wote huo jogoo yuko chini ya mwembe, watoto wamempa jina la Kiporo, na analishwa na pande mbili kwa sababu hakuna upande uliokubali kuonekana umemtelekeza. Asubuhi Kulwa anampa pumba, jioni Doto anampa mtama. Amenenepa, amekuwa mkali, amewafukuza majogoo wote wa majirani. Mama akipita na ndoo ya maji huzungukia upande wa choo ili asipambane naye.

Jana jioni kamba yake ilikatika. Alikuwa ameila kwa siku nyingi bila sisi kuona. Doto alijaribu kumshika mkia, akabaki na manyoya mawili mkononi; Kiporo akaruka juu ya banda la kuku, kutoka hapo juu ya bati la jiko, kutoka hapo juu ya nyumba kubwa. Baba Kulwa akaweka ngazi. Nilimwomba amwache, kwani kuku hurudi mwenyewe giza likiingia. Lakini mtu mwenye nusu ya jogoo hawezi kutulia akimwona juu ya paa siku mbili kabla ya mechi. Alipanda, akanyatia, akajirusha. Jogoo alikwenda kushoto. Mume wangu alikwenda kulia, na kitu cha kwanza alichopata kushika ni dishi.

Hakuumia, namshukuru Mungu. Dishi ndilo lililogeuka likaangalia Musoma. Ndani, kisimbuzi kikaandika kwamba hakuna mawimbi, na Mama akapiga kelele kwamba tamthilia yake imezimika.

Siku ya jana hapa Magu kumpata fundi dishi ilikuwa kazi. Kila nyumba ilikuwa imekumbuka king'amuzi chake saa ile ile. Tulipompata mmoja, alisema atapita usiku akimaliza kwa watu wengine, na akapita kweli, saa 3, na tochi kichwani. Alipanda juu na spana. Baba Kulwa alisimama chini kwenye ngazi, Mama dirishani, mimi mbele ya televisheni nikisoma asilimia za mawimbi. Fundi anasogeza kidogo, anauliza, Baba Kulwa anauliza, Mama anauliza, mimi najibu, na jibu linarudi njia ile ile.

“Arobaini!”

“Anasema arobaini!”

“Ongeza kidogo kushoto!”

“Imepotea!”

Hapo mume wangu akaingiza kichwa dirishani. “Mama Kulwa, unasoma kweli, au unatuharibia?” Alikuwa hatanii, na mimi sikumchukulia kama mtani. Nilimwambia aje asome mwenyewe, mimi nishike ngazi. Tukabadilishana. Na mimi nikiwa pale nje, nimeshika ngazi ya fundi aliyevaa soksi za njano, niliona jambo moja waziwazi: hakuna mtu katika nyumba hii ambaye angetaka picha isirudi. Tulikuwa tumesimama mstari mmoja, Simba na Yanga, tukipitishiana namba kama ndoo za kuzimia moto. Saa 4 kasoro picha ikarudi, watu wakashangilia, na Kiporo akashuka mwenyewe kwenda kulala.

Wakati wa kusubiri fundi, baba mkwe alitusimulia tena ya Nyamagana. Tumeisikia mara nyingi, lakini jana aliisimulia taratibu, kwa mapacha. Tarehe 10 Agosti 1974, fainali ya ubingwa wa taifa, Simba na Yanga, haikuchezwa Dar es Salaam. Ilichezwa Mwanza, Uwanja wa Nyamagana. Yeye alikuwa kijana, akadandia lori la pamba kutoka huku Magu, akaingia. Adam Sabu akaipa Simba bao mapema. Simba wakalishika bao lile mchana kutwa, hadi zilipobaki dakika chache, Gibson Sembuli akasawazisha. Wakaenda muda wa nyongeza. Sunday Manara akafunga la pili, na ubingwa ukaenda Jangwani, kwa Yanga. Anapofika kwa Manara baba mkwe huinuka kidogo kwenye kiti, na mkono wake wa kulia huonyesha mpira ulikopita. Doto akamuuliza, “Babu, watu wa Simba walifanya nini?” Mzee akafikiri. “Niliyekuwa nimesimama naye alikuwa Simba. Alinipa nusu ya muwa wake, tukatoka pamoja.”

Mimi Nyamagana ya 1974 sikuwepo. Uwanja wa Kirumba nilikuwepo. Tarehe 28 Mei 2022, nusu fainali ya Kombe la Shirikisho, nilikwenda na Baba Kulwa kwenye Hiace moja, tukakaa majukwaa tofauti, Feisal Salum wa Yanga akapiga lile bao moja, tukarudi kwenye Hiace moja. Kutoka Igoma hadi Nyanguge hatukuzungumza.

Tangu Novemba 2023 Yanga wametufunga mara nne mfululizo. 5-1, 2-1, kisha 1-0 ya Ngao ya Jamii, kisha 1-0 ya Oktoba mwaka jana ambapo tulijifunga wenyewe dakika za mwisho. Mtu asiye wa mpira hawezi kujua uzito wa ile 5-1 ndani ya nyumba. Watu walinyoosha vidole vitano sokoni, kanisani, kwenye foleni ya kusaga unga. Kulwa alimwonyesha pacha wake vidole vitano kila asubuhi wakivaa sare za shule, hadi Babu alipomkataza.

Kwa hiyo usiku huu mawazo yangu yako kiungoni. Pacôme Zouzoua wa Yanga akiachiwa nafasi ya kugeuka kati ya mabeki na viungo wetu, tumekwisha. Namtaka Kagoma amkae karibu kuanzia dakika ya kwanza, na sitaki Kapombe na Tshabalala wapande wote wawili kwa pamoja, kwa sababu Mzize wao akipewa uwanja mbele yake hashikiki. Hatupaswi kukimbilia bao. Tuna dakika 90. Timu hii imefika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwezi uliopita, imecheza na Berkane nyumbani na ugenini. Haijafika kwa bahati. Ahoua anahitaji faulo moja tu karibu na boksi. Kipa wetu Camara nimemwombea. Na ninafarijika kwamba mwamuzi ametoka Misri, ili kesho kutwa mazungumzo yawe ya mpira.

Shemeji alileta wazo leo asubuhi kwamba tugawane: Yanga waende kibanda umiza karibu na stendi, Simba tubaki nyumbani, amani iwepo. Nililikataa kabla hajamaliza. Simba wakichukua ubingwa kesho, nitafurahia na nani? Na Doto, ambaye atakuwa analia kwa furaha kama mimi? Nataka Baba Kulwa awe pale kwenye kochi, hatua mbili kutoka kwangu. Nataka nimwone. Na Yanga wakiubeba mara ya nne mfululizo, kama sisi tulivyofanya 2018 hadi 2021, basi anayestahili kuniambia ni yeye. Asinitumie mtu.

Basi tumepanga. Umeme wa LUKU umenunuliwa wa kutosha. Redio ya baba mkwe ina betri mpya, ikitokea umeme umekatika wote tunahamia uani kwenye redio na hakuna kutoka. Wekundu upande wa dirisha, kijani upande wa mlango, Mama katikati kwa sababu anasema miguu yake haihami kwa ajili ya timu yoyote. Rimoti anashika Babu. Fundi atalipwa na watakaofungwa, pamoja na kazi ya kumnyonyoa jogoo. Mechi ikiisha sare, Yanga ni mabingwa na jogoo ni wao. Nimelikubali hilo mbele ya mashahidi.

Limebaki moja, na tumelizungumza sasa hivi mimi na Baba Kulwa, watoto wamelala. Siku ya 5-1 nilikwenda jikoni nikakaa huko hadi wageni wote wakaondoka. Siku ile ya Aprili 2023 Inonga na Kibu walipowafunga Yanga 2-0, yeye alitoka akaenda kukaa stendi hadi usiku wa manane, nikabaki na ushindi wangu na sahani ya chakula chake kilichopoa.

“Kesho mkifungwa,” nimemwambia, “usitoke nje.”

“Na wewe usiende jikoni.”

“Siendi.”

“Hata ikiwa tano?”

“Hata ikiwa tano. Nitakaa hapo hapo unitazame.”

Amenyamaza kidogo, kisha akaniuliza jezi yake ya njano nimeianika wapi.