Katika Kuisifu Mashine Inayovuja

Washairi wa pwani wamekwisha kuwasifu masultani, majahazi na wanawali, lakini sijapata kusikia mtu aliyesimama hadharani kuisifu mashine ya kuoshea vyombo inayovuja. Na kwa kuwa mimi nakaa nayo nyumba moja hapa Kabuga, ukingoni mwa Kigali kwenye njia ya kwendea Rwamagana, naona wajibu huo unanielekea mimi, nami nautimiza nikiwa nimekunja suruali hadi magotini.

Kwa nasaba haina doa. Nyanya wa ukoo wake ni Josephine Cochrane wa Shelbyville, katika jimbo la Illinois huko Marekani, aliyepewa hataza ya mashine ya namna hiyo tarehe 28 Desemba 1886, na mwaka 1893 mashine zake zikaosha vyombo katika maonyesho makubwa ya Chicago. Kwa ukarimu haina mfano: siku za mgao, bomba linapokoroma pasipo kutoa tone, yenyewe huyamimina maji ya tangi bila ubahili. Kwa usafi, huosha na sakafu ambayo hakuna aliyeiomba iioshe. Kwa ujirani mwema, habari zake huteremka kwa mfereji hadi kwa jirani aliye chini ya mlima.

Lakini fadhila iliyo kuu, ambayo mbele yake hizo zote ni porojo, ni ukweli. Mashine hii haina siri. Ketini mbele yake na saa mkononi, nayo itawaeleza maradhi yake kwa utaratibu ambao mahakama nyingi zingeuonea wivu: ikitoa maji mara tu inapoanza kuyavuta, tuhuma ziende kwenye vali na bomba la kuingizia, ikingoja hata mikono ya ndani ianze kuzunguka na kurusha maji, mshitakiwa ni mpira wa mlango uliokauka, au mkono uliopasuka unaoyaelekeza maji penye upenyo, ikisubiri hadi mwisho, wakati wa kuyamwaga maji machafu, basi ni bomba la kutolea au kibanio chake. Ikitoa povu badala ya maji, inamshitaki yeyote aliyetia sabuni ya kuoshea kwa mkono. Na katika mashine nyingi, yangu ikiwamo, maji yakijaa katika sinia iliyo chini ya tumbo, kiboya chepesi huinuka, na mashine hukataa katakata kuendelea na kazi. Ni mtukufu gani, enyi wasomaji, aliyepata kujiuzulu kwa upesi huo kwa sababu ya aibu yake mwenyewe?

Ushahidi huu imeutoa mbele ya mafundi bila kugeuza neno: kila ikifika katikati ya kuosha, maji huchirizika kwenye pembe ya chini ya mlango, upande wa kushoto. Fundi mmoja akasema, kwa simu, kwamba ni pampu. Mwingine akasema ni umeme. Mwingine tena akaitazama kwa muda mrefu, kwa huruma, kisha akaomba nauli.

Mniwie radhi sasa, maana adabu za kusifu zinanishinda. Aliyeniuzia mtumba huu, nilipomwendea kutaka mpira wa mlango, alinijibu pasipo kuinua macho kwenye simu yake: «Mzee, mpira huo haupatikani. Nunua mashine nyingine.» Haupatikani! Kijimpira chembamba kuliko kidole! Katika Umoja wa Ulaya, ilikotoka mashine yenyewe, kanuni iliyoanza kutumika tarehe 1 Machi 2021 inamlazimu mtengenezaji kuiweka mipira hiyo ipatikane kwa miaka 10 baada ya kuingiza sokoni mashine ya mwisho ya aina ile. Na Ufaransa, tangu Novemba 2022, mashine hizi huuzwa zikiwa zimebandikwa alama ya kuonyesha wepesi wa kutengenezeka kwake. Lakini mashine ikipakiwa melini, haki hizo hubaki gatini. Hushuka Dar es Salaam, ikapanda lori, ikavuka Rusumo, ikapita hapa hapa Kabuga kwenda kuuzwa mjini, nami nikairudisha kwa gharama yangu, na katika safari yote hiyo hakuna aliyeulizwa vipuri vyake viko wapi.

Je, itengenezwe? Lau tumbo lake lingekuwa limeliwa na kutu na pampu imekufa, ningeipeleka Bugesera kwenye kiwanda cha kuchambua taka za umeme, tukaagana kwa heshima. Lakini mtu hazikwi kwa kung'oka jino moja. Namba ya aina yake imeandikwa ukingoni mwa mlango. Nimempelekea ndugu yangu aliyeko Brussels, na mpira utakuja sandukuni, umekunjwa kati ya mashati.

Na kwa wauzaji wetu sina dua ila moja: Mola awajaalie nao kuvuja, ili mnunuzi, kabla hajahesabu faranga zake, aone sakafuni ni lini wataanza kumwambia «haupatikani».