Mhadhara wa Daktari Bingwa wa Nyuzi

Mgeni rasmi, wakuu wa meza, nanyi mliofuata soda: itifaki imezingatiwa. Aliyesimama mbele yenu ni Daktari Bingwa wa Mambo ya Nyuzi, cheo nilichojitunuku mwenyewe baada ya kuona vyuo vinachelewa. Mada ya leo ni shahada za juu za uhandisi wa nguo: ipi ina thamani ya fedha yako?

Kanuni ya kwanza: cha bure hakina thamani. Wapo wapotoshaji wanaosema vyuo vikuu vingi vya umma Ujerumani havitozi karo, hata kwa mgeni. Ni kweli havitozi, na hapo ndipo penye kasoro! Mwanafunzi ambaye shamba la baba yake halijauzwa atasoma kwa uchungu gani? Nikilazimika, nampeleka jimbo la Baden-Württemberg, ambako asiye raia wa Umoja wa Ulaya hulipa euro 1,500 kwa muhula. Huko kuna chuo cha Reutlingen, kilichotokana na shule ya ufumaji ya mwaka 1855. Na popote Ujerumani, viza itakudai uonyeshe zaidi ya euro 11,000 benki. Hapo roho yangu inatulia.

Kanuni ya pili: ogopa posho. Ufadhili wa serikali ya China hulipa karo na bweni, kisha humpa mwanafunzi wa uzamili yuan 3,000 kila mwezi. Watawanong'oneza habari za Donghua, kule Shanghai. Chuo hicho hadi 1999 kiliitwa Chuo Kikuu cha Nguo cha China. Nauliza: chuo kinachovua nguo kwenye jina lake kinaficha nini? Marekani nako, North Carolina State huwalipa wengi wa wanafunzi wake wa uzamivu kwa kufundisha au kufanya utafiti. Kulipwa ili usome! Aibu ilioje!

Kijana wa mbele, mbona unaishika tai yangu? Ni hariri tupu. Umegeuza lebo ukasoma "poliesta asilimia 100"? Mwanangu, lebo ni maoni ya mwenye kiwanda.

Kanuni ya tatu, na ndiyo kuu: kimbia mashine. Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kilinunua kiwanda kizima cha nguo, Rivatex, mwaka 2007. Marobota ya pamba yanaingia mlango mmoja. Pamba inasokotwa, inafumwa, inatiwa rangi, inatoka kitambaa. Sasa mwanafunzi wa shahada ya juu aende akaunge nyuzi za mtande zilizokatika, vumbi la pamba kichwani, grisi mikononi? Tena aende kwa basi? Picha ya theluji atapiga wapi?

Nasikia pale nyuma mtu anauliza mimi nilisoma wapi. Swali zuri, ila muda wa maswali umekwisha.

Kwa kumalizia: wabishi wachache watakwenda kuuliza karo ni kiasi gani, nani anailipa, na mashine ziko wapi. Hao sina msaada nao. Waliobaki, pangeni foleni mlangoni. Ada ya ushauri ni taslimu, hairudishwi, na risiti hatutoi.