Fundi Haulizwi

Ni ada iliyothibiti katika gereji za chini ya miembe, tangu Ukunda hata Msambweni, kwamba gari lililokuja likinguruma, likisha kufunguliwa injini na kufungwa, hukaa kimya kama bibi harusi. Na hapo ndipo fundi, bila ya kushika spana, hutoa fatwa kwamba betri imekufa, ama stata imeungua, ama petroli ya siku hizi imeghushiwa, na kwa kila fatwa mwenye gari huvuka Likoni kwenda Mombasa kununua kipuri.

Lau angeulizwa mtu wa insafu, angejibu kwamba hitilafu iliyozuka baada ya matengenezo hutafutwa kwanza pale palipoguswa: je, ule waya mnene uungao injini na bodi umerudishwa? Nyaya za plagi zimefuata taratibu yake, ambayo kwa injini nyingi za silinda nne ni 1-3-4-2? Mkanda wa taimingi umekaa kwenye alama zake? Maswali haya hayagharimu hata senti, na pengine hiyo ndiyo aibu yake.

Wako wanaolaumu hewa ya Diani, na ni kweli kwamba chumvi hula vichwa vya betri. Lakini chumvi hiyo ilikuwapo tangu zamani, wala haikufungua nati hata moja.

Basi nasaha yangu, ewe mwenye gari: kabla ya kuvuka Likoni, chungulia kopo la fundi uhesabu boliti zilizosalia, naye akikwambia, "Hizo ni za ziada, mzee, Wajapani hutia nyingi mno," jua kwamba jibu umekwisha kulipata, tena bila ya nauli.