Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Waziri: Waraka Uliogeuka Picha

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya watu wenye ulemavu,

Kwa heshima na taadhima, naomba uniwie radhi kwa kukuandikia hadharani. Najua meza yako haikosi majalada mazito, na ningeona haya kukuongezea langu kama lingekuwa langu peke yangu.

Mimi ni asiyeona. Nina shahada ya utawala, na huu ni mwaka wa kumi na moja napokea simu katika ofisi ambayo, kwa adabu, sitaitaja. Siidharau kazi hii hata kidogo, imenisomeshea watoto. Lakini wasioona wengi ninaowafahamu walioajiriwa maofisini waliketishwa kwenye simu, na wapo waliostaafu wakiwa kwenye kiti kilekile.

Tunaishukuru sana Serikali kwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayomtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Mlango tumefunguliwa. Ninachothubutu kukueleza, kwa ruhusa yako, ni yale yaliyomo ndani.

Mwaka jana ilitoka nafasi ya afisa utumishi. Waraka ulichapwa kwenye kompyuta, ukatolewa kwenye karatasi, ukasainiwa, ukapigwa muhuri, ukaskaniwa, kisha ukarushwa kwenye kundi la WhatsApp la ofisi. Simu yangu hunisomea maandishi kwa sauti. Ilipoufikia ilitamka neno moja tu: "Picha." Nikadhani ni picha za harusi ya mwenzetu, zilizokuwa zikimiminika tangu asubuhi. Dada wa masijala aliponisomea, muda wa kuomba ulikuwa umepita siku mbili. Hakuna aliyenikusudia ubaya, wala sina kinyongo na mtu. Kinachoniuma, Mheshimiwa, ni kwamba waraka ule ulikuwa maandishi kamili mle kwenye kompyuta, na simu yangu ingeusoma wote bila kukwama.

Kwa unyenyekevu mkubwa naomba, ikikupendeza, utoe agizo fupi: kila tangazo la nafasi, mafunzo au usaili wa ndani litumwe pia kama lilivyochapwa, sambamba na nakala yenye muhuri. Halihitaji bajeti. Hata NVDA, programu ya kusoma skrini ya kompyuta iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na vijana wawili wasioona, hutolewa bure. Na waajiri wanapohesabiwa ile asilimia 3, tafadhali waulizwe kila mmoja wetu aliingia kwa cheo gani na leo ana cheo gani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu watu wenye ulemavu tulioridhia mwaka 2009 unataja kupanda kazini, haukuishia kwenye kuajiriwa.

Nasikia nafasi nyingine itatangazwa kabla ya Juni. Vyeti vyangu vimo kwenye bahasha, droo ya juu, mkono wa kulia.

Wako mtiifu,
Mpokea simu