Muulize Shangazi: Printa Yangu Inazirai Kila Nikiitumia

Safu hii ni ya wenye printa za leza majumbani. Barua za mahari, mawifi na michepuko zipelekwe kwa mashangazi wengine; hapa tunasuluhisha waliofunga ndoa na mashine. Ukiandika, eleza printa ilikuwa ikifanya nini ilipozima, imechomekwa wapi, na nani aliigusa mara ya mwisho. Hilo la tatu ndilo watu hulificha.

INAZIMA NA TAA ZINAFIFIA

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwalimu, naishi Kimara. Mume wangu alininunulia printa ya leza ili nichape mitihani nyumbani. Kila nikiamuru ichape, taa ya sebuleni inafifia, printa inanguruma kidogo, kisha inazima na kujiwasha upya. Mume kaichomeka kwenye UPS ili isiumizwe na umeme, na UPS yenyewe iko kwenye ekstensheni moja na friji. Mama mkwe anasema ni jicho la jirani. Nifanyeje? — Mwalimu Aliyechoka

Marahaba, mwanangu. Jirani mwache, hana kosa.

Tona si wino. Ni unga laini wa plastiki wenye rangi, na haushiki kwenye karatasi mpaka uyeyushwe. Kazi hiyo hufanywa na fyuza: rola mbili zinazoibana karatasi, moja ikiwa ya moto, joto lake likikaribia nyuzi 200. Ndiyo maana karatasi hutoka ya uvuguvugu. Ili kupata moto haraka, fyuza huvuta umeme kwa mkupuo, na hata kwenye printa ndogo mkupuo huo unaweza kufika wati 1,000 au kupita. Kisha hupumzika, kisha huvuta tena. Kwa umeme wetu wa volti 230, wati 1,000 ni zaidi ya ampea 4. Taa yako inafifia kwa sababu hiyo.

UPS ya nyumbani ilitengenezwa kubeba kompyuta na ruta. Ukiibebesha fyuza inazidiwa, inakata, na printa inaanguka. Vijitabu vya UPS huonya wazi kwamba printa ya leza isiwekwe humo, ila nani kavisoma?

Itoe kwenye UPS, iachanishe na friji, ichomeke ukutani peke yake. Ikitulia, umemjua mbaya wako. Ikiwa hata ukutani taa zinafifia sana, mwite fundi umeme akague soketi na nyaya kabla hujamwita fundi printa. Mumeo usimgombeze, nia yake ilikuwa njema. Mama mkwe mwambie jicho limepatikana: lilikuwa chini ya meza, linapiga pii pii.

INAANGUKA UKURASA WA NNE

Shangazi, shikamoo. Mie katibu wa kamati ya harusi hapa Kisauni, Mombasa. Nachapa programu ya harusi, kurasa nane. Tatu za kwanza zatoka vizuri, ya nne printa yaganda, taa ya rangi ya chungwa yawakawaka na kioo chaandika namba ya kosa. Naizima, naiwasha, na kabla sijagusa kitu yaganda tena! Harusi ni Jumamosi na bwana harusi ashaanza kunitazama vibaya. — Katibu Mwenye Presha

Marahaba, baba. Hebu niambie ukurasa wa nne una nini. Picha ya bwana harusi? Imetanda ukurasa mzima, nyuma kuna maua yanayoonekana kwa mbali, na juu maandishi ya fonti ya mapambo uliyoipakua bure? Nilijua.

Wengi hudhani printa hupokea ukurasa ukiwa tayari. Sivyo. Printa ni kompyuta kamili, na ndiyo maana huganda kama kompyuta. LaserWriter ya Apple, iliyotoka mwaka 1985, ilikuwa na prosesa ya megahezi 12 na kumbukumbu ya megabaiti 1.5, wakati Macintosh iliyokuwa ikiipa kazi haikufika hata megahezi 8. Mtumwa alikuwa na akili kuliko bwana wake. Mpaka leo printa nyingi hupokea maelekezo ya kuchora ukurasa, kisha huchora zenyewe.

Printa ya wino huchapa mstari, ikangoja, ikachapa mwingine. Ya leza haina nafasi hiyo: dramu ikishaanza kuzunguka haisimami katikati ya ukurasa. A4 moja kwa nukta 600 kwa inchi ni nukta karibu milioni 35, zaidi ya megabaiti 4 kwa nyeusi na nyeupe tu. Ongeza maua yaliyopandana na picha, au fonti yenye kasoro, na printa yenye kumbukumbu ndogo hukwama.

Mbona inaganda tena ukiiwasha? Kikulacho ki nguoni mwako. Kompyuta yako imeishika ile kazi kwenye foleni. Ikiona printa imeamka, inairudishia ukurasa uleule. Unaweza kuzima na kuwasha mpaka bibi harusi ajifungue.

Kwa hiyo fuata mpangilio huu. Zima printa, chomoa waya wake wa umeme na kebo ya kompyuta. Kwenye kompyuta, fungua foleni ya printa ufute kazi zote. Zikigoma kufutika katika Windows, simamisha huduma iitwayo Print Spooler, safisha folda yake, uianzishe tena. Sasa washa printa bado ikiwa haina kebo, na uiamuru kwa vitufe vyake ichape ukurasa wake wa majaribio. Ukitoka safi, printa yako ni nzima, mgonjwa ni faili.

Halafu rudisha kebo, uchape ukurasa wa nne peke yake. Ukianguka, ugeuze uwe PDF, na katika programu unayosomea PDF tafuta mahali pa kuchapa kama picha. Hapo kompyuta ndiyo itakayochora, printa itapokea nukta tu. Ikishindikana, teremsha ubora kutoka nukta 600 hadi 300. Dawa ya mwisho ni kumpunguza bwana harusi. Nasema picha yake, baba, usinielewe vibaya.

HAIPATIKANI ASUBUHI

Asalaam aleikum, Shangazi. Niko Unguja. Printa yangu natumia kwa waifai. Usiku inafanya kazi vizuri, umeme ukikatika na kurudi, asubuhi kompyuta inasema haipo. Na ninayo hapa mbele ya macho yangu! Tena siku hizi za masika inatafuna karatasi. — Mvumilivu wa Mji Mkongwe

Wa aleikum salaam, mwanangu. Ruta hukigawia kila chombo anwani yake. Umeme ukirudi inaweza kugawa upya, na kompyuta ikaendelea kuiita printa kwa anwani ya zamani. Ingia kwenye mipangilio ya ruta, uitengee printa anwani moja ya kudumu. Ukitaka uhakika, iunganishe kwa kebo siku chache. Ikiwa kwa kebo haikusumbui, ugomvi wako ni na waifai, printa iombe radhi.

Kuhusu kutafuna: rimu iliyoachwa wazi pwani wakati wa masika hunywa unyevu, na karatasi mbichi ikipita kwenye fyuza hujikunja ikakwama. Acha karatasi kwenye kifungashio chake, toa za siku hiyo tu. Ikikwama, zima kwanza, ngoja ipoe, kisha vuta karatasi taratibu kwa mikono miwili kufuata njia yake. Tona ikimwagika usiisafishe kwa maji moto, yataigandisha. Tumia maji baridi. Wala usiivute kwa mashine ya kawaida ya kufagilia, unga ule hupenya chujio na kurudi hewani.

FUNDI ANATAKA BODI

Shangazi, shikamoo. Niko Dodoma. Fundi kaitazama printa yangu kwa dakika moja, kasema bodi imekufa. Shemeji anasema nisasishe programu ya ndani ya printa, itapona. Nimsikilize nani? — Njia Panda

Marahaba. Kwa sasa usimsikilize yeyote.

Shemeji ana hoja: programu hiyo huwa na kasoro, na mtengenezaji huzirekebisha katika toleo jipya. Lakini lipakue kwenye tovuti ya mtengenezaji mwenyewe, tumia kebo badala ya waifai, na uchague siku ambayo umeme umetulia. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, printa inaweza isiamke tena, na hapo fundi atakuwa amesema kweli.

Fundi naye mwulize swali moja: printa ilianguka ikiwa katika hali gani? Kama aliijaribu ikiwa imeunganishwa na kompyuta yako yenye foleni ileile na faili lilelile, hajapima kitu.

Talaka ya printa ina masharti. Iwe imechomekwa ukutani peke yake. Isiwe na kebo ya kompyuta wala waifai. Tona na karatasi ziwe sawa. Iamuriwe kwa vitufe ichape ukurasa wake wenyewe. Ikianguka hapo, ugonjwa ni wake: huenda bodi, huenda fyuza, huenda sehemu inayoipa umeme. Uliza bei ya kipuri kabla hujalipa chochote, kisha uliza bei ya printa mpya. Zikikaribiana, nunua mpya.

Na wote mnaosoma: mkitafuta kosa, badilisheni jambo moja, mjaribu, ndipo mwende kwenye jingine. Anayebadilisha waya, faili na tona kwa mpigo hata printa ikipona hatajua imeponywa na nini, na mwezi ujao ataniandikia tena.