Mgeni, Usichapwe Ahero Bure

Basi lako limesimama Ahero, pale barabara ya Kisii inapoachana na ile ya Kericho, na dereva amesema kuna hitilafu ndogo tu. Hitilafu ndogo ya basi ni saa mbili. Umenyoosha miguu, umepita magunia ya mchele, na kutoka kibanda fulani cha mabati umesikia mtu akivunjwa mbavu na watu wakishangilia. Hiyo ni Tekken, mchezo wa video wa kupigana. Nawe kwako una mashine, umekesha ukifanya kombo, yaani mapigo ya mfululizo, mbele ya adui asiyejibu, na sasa mkono unakuwasha. Kabla hujainama kuingia, soma haya. Hayatakupa ushindi, kazi yake ni kupunguza hasara.

1. Jua unanunua nini

Hapa hakuna mazoezi ya bure. Mchezo ni ashu, yaani shilingi kumi, au mbao, yaani ishirini, ikiwa mashine ni ya kisasa. Aliyechapwa analipa na kupisha, mshindi anabaki kitini. Ile sehemu ya mazoezi, ambamo adui husimama kama nguzo akingoja kipigo, mwenye kibanda haitaki hata kuisikia: inakula muda na haina mshinde wa kulipa. Kwa hiyo kila kombo aliyo nayo yule kijana wa kaptura ya shule ameigharamia, pengine kwa pesa za kufukuza ndege kwenye mpunga. Anayenunua kombo kwa jasho hilo hanunui za mapambo. Na stima ikipotea katikati ya raundi, sheria za kibanda ni nyingi, ila zote huishia kwa mgeni kulipa.

2. Tazama umekaa upande gani

Mwenyeji ataketi kushoto. Usidhani ni mazoea. Katika Tekken, mbele ni kule aliko adui, kwa hiyo anayeanzia kulia hufinya mishale ya mbele na nyuma kinyume. Wewe kombo zako umejifunza ukiwa kushoto, kwa kuwa ndiko mashine ilikokuweka kila usiku, na vidole vyako havijawahi kuambiwa kwamba kuna upande wa pili.

Halafu kuna padi yenyewe. Ya mgeni ina waya uliofungwa selotepu, alama za vitufe zimefutika, mshale wa chini huitikia ukikandamizwa kwa ukucha, na duara limelegea. Kumbuka mraba na pembetatu ni mikono, msalaba na duara ni miguu. Duara ndilo mguu wako wa kulia. Umeingia ulingoni na mguu mmoja. Ukilalamika utajibiwa kwa heshima zote: "Anko, hiyo ndiyo sisi hutumianga."

3. Ogopa kombo ndefu, hasa yako

Kombo zilizaliwa kwa bahati. Kampuni ya Capcom ilipokuwa ikitengeneza mchezo wa Street Fighter II, uliotoka mwaka 1991, Noritaka Funamizu alikuwa akikagua ile hatua ya kubomoa gari akagundua kwamba pigo moja likiwahi, jingine linaweza kuingia nyuma yake. Aliona ni jambo gumu mno kumfaa mchezaji, akaliacha lilivyo. Matokeo yake ni wewe, unayekosa usingizi.

Tekken nayo ina misururu ya mapigo kumi, na najua unao mmoja unaoupenda. Shida ni kwamba mengi ya mapigo hayo adui anaweza kuyakinga, na mengine hupita juu ya kichwa cha aliyeinama. Watoto wa Ahero wanaujua msururu wako kuliko wewe. Utafinya la kwanza, la pili, la tatu. La nne litapita hewani, na yeye atainuka na ngumi ya kidevu. Utaelea. Ukielea utapigwa bila kugusa ardhi mpaka utamani basi liondoke.

4. Usitafute umeme mbele za watu

Ukimchagua Jin, mmoja wa wapiganaji wa Tekken, utataka ile ngumi ya umeme, yenye cheche za buluu. Mbele, achia, chini, kisha chini-mbele pamoja na pembetatu, na hiyo chini-mbele na pembetatu ziingie katika fremu moja, yaani sehemu moja ya sitini ya sekunde. Ikikubali, kibanda kitanyamaza. Ikikataa, Jin hutupa ngumi isiyo na cheche, na adui aliyekinga atakuonyesha tofauti yake. Kwako ilikuwa ikikubali. Lakini kwako hakukuwa na mtoto anayetafuna muwa sikioni mwako, wala mwenzake nyuma akitangaza, "Omera, huyu anataka umeme, kinga!" Siri yako imetangazwa kabla kidole hakijafika chini.

5. Usimdharau anayefinyafinya

Kuna atakayemchukua Eddy Gordo, Mbrazili wa Tekken 3 anayepigana kwa capoeira, sanaa ya Waafrika waliopelekwa Brazil utumwani. Atafinya msalaba na duara bila mpango wowote, na Eddy atazunguka kama feni. Utasema hajui kucheza. Ni kweli, hajui. Hajui pia kwamba umeshampangia kombo, na kombo huhitaji adui atakayesimama pale ulipomtarajia. Kaa mbali, kinga chini, mngoje achoke. Akikataa kuchoka, lipa.

6. Usitaje mabingwa

Ukishachapwa mara mbili utaanza hadithi. Utamtaja Arslan Ash wa Lahore, aliyeshinda mashindano ya EVO ya Japani na yale ya Las Vegas katika mwaka huohuo wa 2019. Utamtaja Sylvia Gathoni, Mkenya wetu QueenArrow, aliyesajiliwa na timu ya kigeni mwaka 2018 kwa Tekken 7. Mfano mzuri, ila unakuumbua. Arslan alipoulizwa nguvu yake, alisema kwao Pakistan wamejaa wa kumsumbua. Hakuna aliyefika mbali kwa kumpiga adui aliyesimama kama nguzo. Kombo uliyoijua peke yako bado hujaijua: itakuwa yako siku utakapoitoa ukiwa kulia, kwa padi mbovu, maisha yakiwa yamebaki kidogo, na mtu akikucheka.

Basi njoo na mbili fupi, za mapigo matatu matatu, unazoziweza pande zote. Ya tatu utafundishwa hapahapa, kwa ada.

7. Ukishinda

Inatokea. Usiinuke kupunga mkono wala usimweleze kijana alikosea wapi. Anajua, na ameshaanza kutafuta mbao nyingine. Mlipie raundi moja, aga mwenye kibanda, angalia saa. Ikiwa haijafika saa kumi, bado una nafasi ya kuondoka na sifa zako. Uliyemshinda ni yule aliyetoroka shule. Walio bora huwa hawatoroki, na saa kumi kengele inalia.