Saa na Kompyuta Zikinuniana: Mwongozo wa Msuluhishi

Unafunua kompyuta yako ya Mac. Kioo kinawaka, maandishi yanakwambia inajifungua kwa Apple Watch, sekunde zinapita, kisha kinakuja kisanduku cha nenosiri. Saa iko mkononi, ina chaji, inakuhesabia hata mapigo ya moyo, lakini na kompyuta hazisemezani. Zimenuniana. Hapo ndipo wengi hugeuka wasuluhishi wenye pupa, wakavunja ndoa kabla ya kusikiliza upande wowote: wanaitenganisha saa na simu, wanaifuta, wanaanza upya, na jioni yote inaishia hapo. Nakusihi usifike huko. Ugomvi huu kwa kawaida una sababu ndogo, na mara nyingi aliyekataa alikuwa na haki ya kukataa.

Ujue kwanza wanachozungumza hawa wawili. Uwezo wa saa kuifungua kompyuta ulikuja mwaka 2016, pamoja na macOS Sierra na watchOS 3. Kompyuta ikiamka huitafuta saa kwa Bluetooth, na ikiipata haiiamini papo hapo. Hutumia Wi-Fi kupima muda ambao mawimbi yanachukua kwenda na kurudi, na kwa muda huo ikajua saa iko umbali gani. Mawimbi ya redio husafiri kama sentimita 30 kwa nanosekunde moja. Basi mwizi akinasa mawimbi ya saa yako ukiwa mgahawani, akayarusha hadi kwenye kompyuta uliyoiacha ofisini, safari ile ndefu yenyewe inamuumbua. Kuna magari yasiyohitaji funguo yaliyoibwa kwa ujanja huo huo, kwa sababu hayakuwa yakipima muda. Mimi naipenda sana hesabu hii, na ndiyo sababu siikasirikii saa inapogoma.

Kutokana na hilo, angalia Wi-Fi ya kompyuta kabla ya kitu kingine chochote. Ofisini watu huchomeka waya wa mtandao, wakaona hawana tena haja ya Wi-Fi, wakaizima. Intaneti inakwenda vizuri, lakini kipimo cha umbali kimekufa. Iwashe, hata kama hujaiunganisha na mtandao wowote. Angalia pia kama kompyuta yako inawagawia wengine intaneti kwa mpangilio wa Internet Sharing. Ikiwa inagawa, saa haitaifungua mpaka uuzime. Wewe kupokea bando kutoka kwenye simu yako hakuna shida. Shida ni kompyuta yenyewe kuwa ndiyo msambazaji. Na kama kuna mtu anaitazama kompyuta hiyo kutoka mbali kwa Screen Sharing, hapo pia mlango hautafunguka, na ninashukuru haufunguki.

Sasa njoo mkononi. Saa haina ruhusa ya kufungua kitu ikiwa yenyewe imefungwa, na hujifunga kila inapovuliwa. Asubuhi umeitoa kwenye chaja, umeivaa, ukakimbilia daladala bila kuiandikia namba yake ya siri: kwa kompyuta, mkono huo ni wa mtu asiyejulikana. Tazama juu ya uso wa saa. Ukiona alama ndogo ya kufuli, umeshapata jibu. Kama saa haina namba ya siri kabisa, au umezima kipengele cha Wrist Detection, uwezo wote huu haupo. Nenda kwenye programu ya Watch katika simu, sehemu ya Passcode, uviwashe vyote viwili. Hakikisha pia kwamba saa haiko kwenye hali ya ndegeni. Watu huiwasha wakiwa wanatelezesha kidole kutafuta tochi.

Mkanda nao uukaze. Saa inayochezacheza kama bangili hujidhani imevuliwa, ikajifunga mara kumi kwa siku. Na hapa niwaseme kwa upendo wanaotoka harusini. Apple yenyewe inaeleza kwamba mabadiliko ya ngozi, ya kudumu au ya muda, zikiwamo baadhi ya chale za wino, yanaweza kuvuruga kihisi cha mapigo ya moyo, kwa sababu kihisi hicho hufanya kazi kwa kumulika ngozi na kusoma mwanga unaorudi. Saa nayo hutegemea vihisi vyake kujua kama imevaliwa. Kwa hiyo ukiwa umechorwa piko nzito iliyopanda hadi kwenye kifundo, na saa imeanza kudai namba ya siri kila dakika, ihamishie mkono wa pili kabla hujampelekea fundi. Ukihama, badilisha na mpangilio wa mkono ndani ya saa, ili kioo kisikugeukie.

Ukishaweka sawa mkono na Wi-Fi, tafuta akaunti, na hapa ndipo kwetu penye mambo mengi. Saa na kompyuta lazima ziwe chini ya akaunti moja ya Apple, na akaunti hiyo iwe na uthibitishaji wa hatua mbili. Sasa fikiria simu uliyoinunua Kariakoo au Luthuli. Fundi dukani alikufungulia akaunti kwa haraka ili uondoke umefurahi, na saa ikafuata akaunti ya simu. Kompyuta ulikuja kuipata baadaye, ukaifungulia akaunti yako mwenyewe kwa barua pepe ya kazini. Ni akaunti mbili, wala hakuna kitufe kitakachozipatanisha. Fungua mipangilio ya simu, gusa jina lako juu kabisa, usome barua pepe iliyo chini yake. Kisha fanya hivyo hivyo kwenye kompyuta. Zikitofautiana hata herufi moja, umepata chanzo cha ugomvi. Chagua moja, ile ambayo unajua nenosiri lake na laini yake ya simu bado iko mfukoni mwako. Laini iliyopotea ndiyo inayowaliza watu wanapoombwa kuthibitisha, kwa hiyo sajili namba yako ya sasa leo, kabla hujaihitaji.

Kompyuta ya mtumba inaweza pia kuwa nzee mno. Uwezo huu unataka Mac ya katikati ya mwaka 2013 au baada ya hapo. Kuna njia ya kuuliza bila kubahatisha: shikilia kitufe cha Option, bofya alama ya tofaa kwenye kona, chagua System Information, halafu Wi-Fi. Humo kuna mstari wa Auto Unlock. Ukiwa umeandikwa Supported, endelea. Na kama kompyuta ni ya mwajiri, au iliwahi kuwa ya kampuni fulani na bado inasimamiwa nayo, msimamizi anaweza kuwa amekataza saa kuifungua. Hapo usihangaike na mipangilio. Zungumza na mwenye mali.

Kuna mchokozi mwingine ambaye huwa hashukiwi: kile kigawanyio cha bei rahisi chenye matundu ya USB, kinacholala ubavuni mwa kompyuta. Vifaa vya USB 3 hutoa kelele kwenye masafa ya gigahezi 2.4, ambayo ndiyo masafa ya Bluetooth. Intel walilieleza jambo hili mwaka 2012. Kichomoe, funga kioo, jaribu tena. Ikifunguka, tafuta kigawanyio chenye waya mrefu kidogo ukiweke mbali.

Hayo yote yakiwa sawa na bado zimenuniana, zima kitufe cha Apple Watch katika mipangilio ya kompyuta, sehemu ya Touch ID & Password, zima na uwashe kompyuta, saa na simu, kisha kiwashe tena. Ikigoma hata hapo, kuna kumbukumbu za zamani zilizooza. Weka nakala ya data zako kwanza. Fungua Keychain Access, ruhusu ionyeshe vilivyofichwa kwa Show Invisible Items, tafuta Auto Unlock, kisha AutoUnlock bila nafasi, na ufute vinavyojitokeza kwa majina hayo tu. Tafadhali usiguse kingine, kwani humo ndimo manenosiri yako yanamolala. Halafu nenda folda ya Library iliyo ndani ya akaunti yako, Sharing, AutoUnlock, uondoe faili za ltk.plist na pairing-records.plist. Zima, washa, kisha rudi kuwasha kile kitufe. Kikikataa mara ya kwanza, kibonyeze tena. Mara ya pili mara nyingi hukubali. Kama una Mac nyingine, nayo huenda ukalazimika kuiunganisha upya.

Nenosiri lako lakini lisisahaulike. Kila kompyuta inapozimwa na kuwashwa, itakudai uliandike mara ya kwanza, na saa haiwezi kukusaidia hapo.

Mwisho, ijaribu. Bonyeza Control, Command na Q kwa pamoja ili kufunga kioo, kiache kilale, kiamshe, kisha weka mikono mbali na kibodi. Wapo wanaoanza kuandika nenosiri papo hapo, wasiipe saa hata nafasi ya kujibu. Ikifanikiwa, utahisi saa ikikugusa kifundoni na kukutaarifu kwamba kompyuta imefunguka. Izoee taarifa hiyo uitambue hata ukiwa kwenye mazungumzo, kwa sababu kompyuta inaangalia saa ilipo, haiangalii kidole cha nani kimeiamsha. Ukiwa umesimama karibu unamimina chai, mwenzako akagusa kibodi, itamfungukia. Ukiuhisi mguso huo na si wewe uliyeiamsha, geuka uone nani kakaa kitini pako.